Kabla ya kununua sanamu ya farasi wa hadithini

Wanaoanza kukusanya sanamu za farasi huniuliza waanze na kampuni gani. Mimi huwaambia waanze na kitabu. Kwenye boksi muuzaji anaweza kuandika jina lolote, lakini farasi wa hadithini ana alama zake, na zimeshaandikwa.

Chukua Black Beauty wa Anna Sewell, riwaya iliyotoka mwaka 1877. Weusi peke yake hautoshi. Farasi yule ana nyota nyeupe kwenye paji la uso, mguu mmoja tu mweupe, tena wa upande wa kulia, na baka dogo la nywele nyeupe katikati ya mgongo. Mwishoni mwa kitabu, kijana aliyewahi kumtunza anamtambua kwa alama hizohizo. Sasa ukiletewa mweusi mwenye miguu minne myeupe, mnunue kama umempenda, ila usilipe bei ya Black Beauty. Lile baka la mgongoni ndilo ninalolitazama kwanza, maana wachoraji wengi hulisahau.

Sleipnir, farasi wa mungu Odin katika ngano za Skandinavia, ni wa kijivu na ana miguu minane. Hapo tazama mabega na mapaja: miguu ya ziada imeota mwilini, au imebandikwa tu? Fundi mvivu hujulikana hapo.

Misty wa Chincoteague ni habari nyingine, kwa sababu aliishi kweli, huko Virginia. Marguerite Henry alimwandikia kitabu mwaka 1947, na kampuni ya Breyer ya Marekani ikatoa sanamu yake mwaka 1972, mwaka uleule aliokufa. Kwa huyu una picha za kulinganishia mabaka.

Sanamu nyingi za Breyer ni za plastiki iitwayo selulosi asetati. Inashika vizuri mishipa ya shingo na mikunjo ya ngozi, lakini joto ni adui yake. Iache kwenye gari lililoegeshwa juani uone miguu inavyopinda. Nyeupe nayo hugeuka njano taratibu. Ukinusa harufu ya siki, plastiki imeanza kuoza. Itenge na wenzake. Vumbi lifute kwa kitambaa laini chenye maji ya uvuguvugu, na dawa ya kuondolea rangi ya kucha isiisogelee kabisa, inayeyusha.

Ukinunua mtandaoni, omba picha zilizopigwa kwa mwanga wa mchana: ncha za masikio, kwato, mkia, na tumbo. Rangi huanza kukwanguka masikioni, na muuzaji mjanja hupiga picha ya ubavu tu. Uliza pia kama ilipakwa rangi upya. Aliyeipaka akiwa hodari, huwezi kujua kwa picha, na bei hubadilika sana. Akikwepa swali hilo, mimi huachana naye. Sanamu hizi zilitengenezwa nyingi, utaipata kwa mwingine.