Tufe kupita kila mara: lenga linapoangukia

Kaka, umeuliza kwa nini kwenye petanki, mchezo wa kurusha matufe ya chuma yakae karibu na kigololi cha mbao, tufe lako linakipita kila mara kigololi hicho, na mazoezi unafanya kila jioni. Kosa ni kulenga kigololi. Lenga mahali tufe litakapoangukia. Chora duara kwa kijiti katikati ya njia, upana wa sahani, urushe matufe kumi yaangukie humo. Kigololi kiondoe kabisa. Kiganja kitazame chini, tufe litoke vidoleni likizunguka kinyumenyume, hiyo ndiyo breki yake. Anza na mita 6, kisha sogea polepole hadi 10. Kulipua tufe la mpinzani, yaani kuligonga liondoke, kusubiri kwanza! Na miguu isitoke kwenye duara unalosimama kurushia kabla tufe halijagusa ardhi, refa hana huruma.