Kazi ya kuainisha mimea: jibu kwa mdogo wetu wa PCB

Mdogo wetu amemaliza kidato cha sita kwa mchepuo wa PCB (Fizikia, Kemia na Baiolojia). Anapenda mimea kuliko udaktari ambao wazazi wanamtakia, na ameuliza mtaalamu wa kuainisha mimea hufanya nini kutwa nzima, na kama kazi hiyo inaisaidia kwa lolote misitu inayozidi kukatwa. Wachangiaji wawili waliotangulia wamemwambia asipoteze muda, kwa kuwa majina ya miti yalishamalizwa tangu enzi za Wajerumani. Nimeifanya kazi hii kwa zaidi ya miaka 20, na naomba nitofautiane nao kwa heshima.

Majina hayajakwisha. Flora of Tropical East Africa, kazi ya kuorodhesha mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania, ilianza kuchapishwa mwaka 1952 na kukamilika mwaka 2012 ikiwa na spishi zaidi ya 12,000, na tangu hapo spishi mpya kutoka Udzungwa, Usambara na misitu ya pwani zimeendelea kuelezwa. Hata majina yaliyopo hayatulii. Migunga, ambayo sote tulifundishwa kuiita Acacia, ilinyang'anywa jina hilo na mkutano wa kimataifa wa botania uliofanyika Vienna mwaka 2005, likabaki kwa jamaa zake wa Australia. Mingi ya kwetu sasa iko katika jenasi (makundi ya spishi zenye ujamaa wa karibu) za Vachellia na Senegalia, na wapo wenzangu ambao ukiwakumbusha jambo hilo mpaka leo wananuna.

Sasa kuhusu kutwa nzima. Porini unakata tawi lenye majani na maua au matunda, unalilaza ndani ya gazeti huku jani moja ukiligeuza ili mgongo wake uonekane, unalibana kwa mbao na mikanda, kisha unalikausha kwa moto mdogo usiku kucha. Kabla ya kulilaza unaandika yale ambayo ukavu utayafuta: rangi ya ua, harufu ya gome lililokwanguliwa, kimo cha mti, kama lilitoa utomvu na utomvu huo ni mweupe au mwekundu. Hapo ndipo utakapowahitaji wazee wa kijijini. Mzee aliyenifundisha kuutambua mti wa mtambara kule Usambara hakuwa akitazama majani, ambayo yako juu mno. Alikwangua gome kwa panga, akanusa, akataja jina.

Ukirudi mjini, kazi inahamia hebaria, yaani ghala la sampuli zilizokaushwa na kubandikwa kwenye karatasi ngumu. Unakaa na lenzi ukilinganisha sampuli yako na za miaka 100 iliyopita. Chukua familia ya mibuni: majani yake hukaa mawili mawili yakitazamana, na katikati ya vikonyo vyake kuna kijigamba kidogo ambacho mtu wa kawaida hatakiona kamwe. Umbo la kijigamba hicho, kama kina ncha moja au kimechanika kama kitana, linaweza kukuondolea spishi kumi kwa mara moja. Nimewahi kukaa wiki tatu na tawi moja.

Lakini sampuli bila lebo ni kuni tu. Nalisema hili kwa aibu, kwa sababu katika mwaka wangu wa pili kazini nilikusanya kijiti cha familia hiyo hiyo ya mibuni siku ya mvua kubwa, nikaandika "msituni, kando ya njia", nikijiambia kwamba nitajaza mengine jioni, na jioni nikalala. Miaka kadhaa baadaye wenzangu walikuwa wakiitathmini spishi hiyo kwa vigezo vya Orodha Nyekundu ya IUCN, orodha ya kimataifa ya viumbe vilivyo hatarini kutoweka. Kigezo kimojawapo kinapima eneo ambalo mmea unalikalia kwa kuhesabu miraba yenye upande wa kilomita 2, kila mraba ukiwa na kilomita za mraba 4. Eneo lisipofika kilomita za mraba 10, na masharti mengine yakitimia, spishi inaingia daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Miraba miwili ni 8, mitatu ni 12. Spishi yetu ilikuwa na miraba miwili ya uhakika, na sampuli yangu huenda ilitoka mraba wa tatu, huenda ilitoka palepale pa pili. Hakuna aliyeweza kusema, nami mwenyewe nikiwemo, ikabidi iwekwe kando.

Jambo jingine ni nakala. Sampuli nyingi za Tanganyika zilizokusanywa wakati wa Wajerumani, zikiwemo zile za kwanza ambazo majina ya spishi yamefungwa kwazo, zilihifadhiwa Berlin, na hebaria ile iliteketea kwa mabomu Machi 1943. Spishi ambazo nakala zake zilikuwa zimegawiwa kwingine ziliokoka kwenye makabati ya watu wengine. Ambazo hazikugawiwa tunazikisia kwa maelezo ya maandishi. Ndiyo maana tunakata matawi manne au matano ya mti mmoja, pale mti unapoweza kuvumilia.

Kuhusu manufaa, nitatoa mfano wa Karomia gigas, mti mrefu wa familia moja na mrehani. Ulikusanywa Kenya mwaka 1977, na mti uliojulikana huko ukakatwa. Mwaka 1993 ukapatikana kusini mwa Tanzania, kisha ukapotea machoni hadi wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipoupata tena mwaka 2011. Mti kama huo hutambulika tena pale aliyetangulia alipoacha sampuli yenye maelezo yanayosomeka. Mbegu zake hushambuliwa na ukungu, hivyo mwaka 2018 baadhi zilipelekwa bustani ya mimea ya Missouri, Marekani, na chache zikaota.

Kuhusu kipato sitakudanganya. Nafasi za kudumu katika hebaria za Dar es Salaam, Arusha na Nairobi ni chache na hazitangazwi kila mwaka. Wengi tunaishi kwa tathmini za athari kwa mazingira, pale barabara au mgodi unapotaka kupita. Mteja mmoja alinilipa baada ya miezi 11. Mwingine aliniomba niondoe mti mmoja kwenye orodha ili ripoti isichelewe, nikakataa, na hakuniita tena.

Kama bado una nia, kabla ya kujaza fomu za chuo nenda hebaria iliyo karibu nawe, ueleze shida yako kwa mtunzaji, na uombe kukaa naye siku mbili ukibandika sampuli. Nenda na lenzi ya kukuza mara 10 kama utaweza kuipata, na daftari na penseli, kwa sababu wino wa kalamu huyeyuka ukilowa.