Mabaki madogo ya modeli yasikudanganye: kwa anayeanza kukokotoa mtelezo wa nyufa za ardhini zinazoleta matetemeko

Wiki yangu ya tatu katika kazi hii nilipata modeli iliyoifuata data kama kivuli. Mabaki, yaani tofauti kati ya data na modeli, yalikuwa madogo, ramani inapendeza, nikalala nikijiona bingwa. Asubuhi mkuu wangu akaitazama nusu dakika, akauliza, "Mbona mlima unazama?" Nilikuwa nimegeuza alama. Programu iliyotengeneza interferogramu, yaani ramani ya msogeo wa ardhi inayotokana na kulinganisha picha mbili za rada za setilaiti, ilihesabu chanya kuwa ardhi inakwenda mbali na setilaiti, mimi nikachukulia kuwa inaisogelea. Ufa ambao pande zake zinasukumana ukageuka kuwa wa pande zinazoachana. Kompyuta haikulalamika, na haiwezi kulalamika: ukigeuza alama ya data yote, mtelezo nao unageuka, na modeli inalingana vilevile hadi desimali ya mwisho.

Tangu siku hiyo sianzi kukokotoa kinyume, yaani kutoka kwenye msogeo wa ardhi kurudi kwenye mtelezo wa ufa, kabla sijakokotoa kwenda mbele. Chukua ufa mmoja wa mstatili, uteleze mita 1, kisha tazama ardhi inainuka wapi na inashuka wapi. Kama hukuweza kubashiri umbo hilo kabla ya kubonyeza kitufe, bado hujawa tayari kukokotoa kinyume. Wengi wetu tunatumia milinganyo ya Okada ya mwaka 1985, inayouchukulia mwamba kama kitu kinachonepa. Milinganyo yenyewe haina shida. Shida iko kwenye programu zinazoizunguka: moja inataka kina cha ukingo wa juu wa ufa, nyingine cha ukingo wa chini, nyingine cha katikati. Kwa ufa wenye upana wa kilomita 20 ulioinama nyuzi 30, kutoka ukingo wa juu hadi wa chini kuna kilomita 10 za kina. Ukikosea hapo umeupeleka ufa wako kwingine kabisa.

Data za GPS nazo usizipokee zikiwa zimeshapikwa. Usianze na jedwali la kasi uliloandaliwa na mtu. Fungua mfululizo wa kila kituo, siku baada ya siku, uutazame kwa macho yako. Utaona mawimbi ya mwaka yanayoletwa na maji ya ardhini, theluji na uzito wa hewa, ndiyo maana kasi ya kituo kisichofikisha miaka miwili na nusu huwa siiamini. Utaona pia miruko. Niliwahi kukuta kituo kimeruka milimita 8 kwenda juu kwa siku moja, nikaanza kuchora ufa mdogo chini yake, tena kwa furaha. Nilipofungua daftari la kituo nikakuta antena imebadilishwa mchana wa siku hiyohiyo. Vituo jirani havikuwa vimetikisika hata kidogo, na hilo peke yake lilipaswa kunitosha.

Kuhusu picha za rada nitasema machache. Kwa Sentinel-1, setilaiti za rada za Ulaya, mzunguko mmoja wa rangi ni takribani sentimita 2.8 za msogeo, na msogeo huo ni ule wa kuelekea setilaiti au kuikimbia tu. Kwa kuwa setilaiti hizi hupita karibu na ncha za dunia, msogeo wa kaskazini na kusini karibu haziuoni. Mvuke wa hewani hufuata umbo la milima, kwa hiyo "msogeo" unaofuata mwinuko ushuku kwanza.

Sasa tuje penye uzito. Kati ya tetemeko na tetemeko, sehemu ya juu ya ufa huwa imekwama huku chini mwamba ukiendelea kuteleza taratibu. Juu ya ardhi tunaona kasi inabadilika polepole kadiri unavyovuka ufa. Wanasayansi Savage na Burford walilieleza hili mwaka 1973 kwa mlinganyo mfupi wenye vitu viwili tu usivyovijua: kasi ya mtelezo na kina cha kukwama. Kama kina ni kilomita 15, nusu ya badiliko lote la kasi hutokea ndani ya kilomita 15 kila upande wa ufa. Ukiwa na vituo vya mbali pekee, utaijua kasi vizuri lakini kina kitabaki fumbo. Ukiwa na vya karibu pekee, kasi kubwa yenye kina kikubwa itafanana na kasi ndogo yenye kina kifupi, na modeli itakuchagulia moja bila kukwambia kwamba ilikuwapo nyingine. Chora jozi zote zinazokubalika. Huwa zinajipanga kama ndizi.

Ufa ukiugawa katika vipande vingi, matatizo yanaongezeka. Hapo unalazimika kulainisha, yaani kuibana modeli ili vipande jirani visitofautiane sana, la sivyo mtelezo unarukaruka kati ya vipande jirani bila maana. Lakini kulainisha ni maoni yako, si data. Fanya jaribio la ubao wa drafti: weka mtelezo wa kubuni, kipande kimoja ndiyo, kingine hapana, zalisha data yake, ongeza kelele, yaani makosa ya kubahatisha kama ya vipimo halisi, ukokotoe kinyume. Mahali ambapo drafti inarudi imefifia na kuwa rangi moja, data yako haioni kitu pale.

Tetemeko la Tohoku nchini Japani, 11 Machi 2011, ndilo lililonifundisha kuliheshimu jaribio hilo. Nchi ile ina vituo vya GPS zaidi ya elfu moja, lakini karibu vyote viko nchi kavu, na mfereji wa bahari ambako bamba moja la gamba la dunia linaingia chini ya jingine uko takribani kilomita 200 kutoka pwani. Kwa umbali huo, sehemu ya ufa iliyo karibu na mfereji ikiwa imekwama au inateleza kwa uhuru, vituo vya nchi kavu vinaona karibu kitu kilekile. Wengi walichukulia kwamba inateleza kwa uhuru, kwa hiyo haina deni, yaani haijalimbikiza mtelezo wa kuja kulipwa na tetemeko. Siku ile kituo kilichosogea sana nchi kavu kilikwenda mita 5 na kidogo, kifaa kilichokuwa sakafuni mwa bahari kikaenda mita 24, na karibu na mfereji ufa wenyewe uliteleza zaidi ya mita 50. Siku hizi sehemu zisizoonekana nazipaka kijivu kwenye ramani. Wanaoandaa slaidi hawaipendi, wanasema inaonekana kama kazi haijaisha. Kweli haijaisha.

Ukitoka hapo, hesabu ya nguvu ni rahisi mno, na urahisi wake ndio mtego. Ufa wa kilomita 100 uliokwama hadi kina cha kilomita 15, ukilimbikiza milimita 10 kwa mwaka, baada ya miaka 200 una deni la mita 2. Zidisha na eneo na ugumu wa mwamba, gigapaskali 30, unapata tetemeko la ukubwa wa 7.2 kama deni lote litalipwa kwa mara moja. Huenda likalipwa kwa vipande, au kwa mtelezo wa polepole usiosikika, kama ule unaorudi kila baada ya miezi kama 14 chini ya Cascadia, kwenye pwani ya magharibi ya Amerika Kaskazini. Kwa hiyo kwenye ripoti peleka modeli kadhaa, kila moja na uzito wake.

Na wakikuuliza "lini?", wasimulie Parkfield, California. Matetemeko ya ukubwa wa 6 yalikuwa yamefuatana pale kwa wastani wa miaka 22, la mwisho likiwa la 1966, ikatabiriwa kwamba linalofuata litakuja kabla ya 1993 kwisha. Vyombo vikatandazwa, watu wakasubiri. Lilikuja 28 Septemba 2004, likaanzia ncha ya pili ya ufa.