Maswali yenu: tovuti nyingi, mega chache

*Niko mwaka wa sita wa sekondari, Katuba, hapa Lubumbashi. Nina tovuti tano za masomo ya bure kwenye simu lakini hesabu bado inanishinda. Nifuate ipi?*

Mdogo wangu, fuata daftari lako kwanza. Khan Academy ina masomo mazuri ya hesabu kwa Kifaransa, ila haikupangwa kwa programu ya shule za Kongo. Ukiianza juu kwenda chini, Examen d'État, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, itakukuta njiani. Chukua sura moja uliyofundishwa, tuseme logariti. Tazama video moja, weka simu kando, fanya mazoezi kwa kalamu. Ukikwama, hapo sasa tafuta mwalimu wa tovuti nyingine akueleze kwa njia yake. Naona vijana wengi wanatazama video kumi mfululizo wakiitikia kwa kichwa, halafu ukiwapa zoezi, karatasi inabaki nyeupe. Inaniuma, kwa sababu bidii wanayo. Kwa fizikia, jaribu PhET ya Chuo Kikuu cha Colorado: unajenga sakiti ya umeme kwenye skrini, unabadilisha waya na betri, unaona taa inavyoitikia. Majaribio yake mengi unaweza kuyapakua ukayatumia bila mtandao.

*Mega za intaneti zinaisha kabla ya somo. Mimi ni mwalimu, Ruashi, na darasa lina simu mbili tu.*

Mama mwalimu, tafuta Kiwix. Ni programu ya bure inayofungua Wikipedia nzima bila intaneti. Faili ya Kifaransa ni kubwa, kwa hiyo chagua ile isiyo na picha, na uipakue siku moja tu, mahali penye Wi-Fi. Baadaye inahama kutoka simu hadi simu kwa kadi ya memori, na hakuna mega inayoliwa. Simu mbili zinatosha: gawa darasa makundi mawili, mmoja asome kwa sauti, wengine waandike.

*Nimemaliza kozi kwenye tovuti ya Coursera, sasa wananidai pesa. Nimetapeliwa?*

Hapana, dada. Baadhi ya kozi huko unaweza kuzisoma bure, lakini cheti kinalipiwa. Kozi nyingine zina fomu ya kuomba msaada wa ada. Jaza hiyo kabla ya kuanza, maana jibu huchukua siku kadhaa.

*Mtoto wangu ana miaka minane. Kuna hadithi za Kiswahili za bure?*

Ziko, Mama. African Storybook, tovuti iliyoanzishwa Afrika Kusini, ina hadithi fupi zenye picha katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na unaruhusiwa kuzipakua na kuzichapisha. Kiswahili chake ni sanifu: mtoto wako atakuta "mtoto" wakati nyumbani anasikia "mutoto". Usimkemee akisoma kwa namna ya Lubumbashi. Keti naye, someni ukurasa mara mbili, kwanza kama ulivyoandikwa, kisha akusimulie kwa maneno ya nyumbani.