Mchoro umefika, maandishi yamebaki njiani

Simu iliita saa tatu usiku. "Huu mlango wako ni wa kupitisha watu au meli?" Mwenzangu alikuwa ameingiza ramani yangu ya nyumba kwenye Revit, programu ya kujenga modeli za majengo, na mlango wa sentimita 90 umegeuka kuwa wa karibu mita 23. Mimi nilichora kwenye AutoCAD, programu ya kuchorea ramani, kwa milimita, nikaandika 900, nikalala usingizi wangu. Kwamba zile 900 ni milimita nilikuwa nalijua mimi peke yangu, na kichwa changu sikukiambatisha kwenye barua pepe.

AutoCAD inahesabu namba tupu. Kinachoiambia programu nyingine hizo namba ni za nini ni lebo moja ndogo iitwayo INSUNITS. Iandike kwenye mstari wa amri uone jibu: 1 ni inchi, 4 ni milimita, 5 ni sentimita, 6 ni mita, na 0 maana yake mchoro haujasema kitu. Wangu ulianzia kwenye kiolezo cha inchi, kwa hiyo Revit ilisoma inchi 900, na 900 mara 25.4 ni milimita 22,860. Haikukosea, ilisoma nilichoiandikia.

Siku hizi mtu akiniambia "mchoro umekuja mkubwa" namwomba agawanye ukubwa alioupata kwa ukubwa halisi. Ikitoka 25.4, inchi zimeingilia milimita. 304.8 ni futi. 10 ni sentimita, 1,000 ni mita. Jibu likiwa namba ya ajabu isiyo hata moja kati ya hizo, huenda tatizo si uniti, labda kuna mtu aliunyoosha mchoro kwa mkono. Angalizo tu: kubadili INSUNITS hakukuzi wala kupunguza mistari iliyokwisha kuchorwa, kunabadili lebo peke yake. Kama mchoro umechorwa kwa inchi kwelikweli na unautaka kwa milimita, utumie SCALE kwa 25.4 kwanza, lebo ifuate.

Sasa maandishi. Mara nyingi mpokeaji akiona alama za kuuliza, au maneno yaliyovimba hadi kuvuka ukuta, ni fonti. DWG, yaani faili la AutoCAD, haibebi ndani yake fonti za SHX, zile za AutoCAD yenyewe, inabeba majina yake tu. Mwenye kufungua asipokuwa nayo, AutoCAD yake inaazima nyingine, kwa kawaida simplex.shx, na upana wa herufi unabadilika. Revit ina orodha yake, shxfontmap.txt, ya kubadilishia SHX kwa fonti za TrueType, zile za kawaida za kompyuta. Ukimtumia mwenye AutoCAD, tumia ETRANSMIT. Inaweza kukusanya mchoro, fonti na michoro ya rejea kwenye kifurushi kimoja. Ukimtumia mwenye programu nyingine, fungua nakala, ingia STYLE, ubadilishe fonti kuwa Arial, halafu upitie mchoro kwa macho kabla ya kutuma, maana mistari ya maelezo itakuwa imesogea kidogo.

Na kama maandishi yamepotea kwenye kompyuta yako mwenyewe, usikimbilie kulaumu faili. Maandishi ya Annotative, yale yanayojirekebisha ukubwa kufuata skeli, huonekana kwenye skeli ulizoyapa tu: yamepewa 1:100, dirisha la leiauti (ukurasa wa kuchapishia) liko 1:50, hayaonekani. Weka ANNOALLVISIBLE iwe 1 uone kama yapo, kisha uyaongezee skeli kwa OBJECTSCALE. Yakionekana kwenye skrini lakini karatasi ikatoka tupu, angalia kama hayajaangukia leya (tabaka la mchoro) iitwayo Defpoints. Leya hiyo haichapishwi. Niliwahi kupoteza asubuhi nzima nikigombana na printa isiyo na kosa lolote.

Kosa ninalolichukia kuliko yote ni EXPLODE. Programu fulani ilikataa bloku zangu, yaani vitu vilivyofungwa pamoja kuwa kimoja, nikazilipua, na majina ya vyumba yote, Jiko, Stoo, Sebule, yakageuka neno moja lililorudiwa: JINA, JINA, JINA. EXPLODE ikivunja bloku yenye sifa (nafasi ya kujazia maneno) hutupa thamani iliyoandikwa na kubakiza jina la sifa. Tumia BURST, iko kwenye Express Tools, zana za ziada za AutoCAD, nayo hubakiza maneno yenyewe. Vipimo navyo usivilipue; vikilipuliwa vinabaki mistari na herufi zisizojua tena vinapima nini.

Ila kuna kipimo kinachoonekana kizima kabisa na bado kinadanganya. Nilipewa mchoro wa mtu, ukuta wa sebule umeandikwa 4200. Nikaujengea modeli juu yake, makabati hayakuingia. Nilipoupima mstari wenyewe ulikuwa 4150. Mchoraji alipoambiwa abadilishe hakusogeza ukuta. Alibofya kipimo akaandika namba mpya juu yake. Kwenye karatasi hakuna anayegundua. Ukiingiza kwenye programu nyingine, jiometria ndiyo inayokwenda, na jiometria ilibaki 4150. Kwa hiyo mchoro wa mtu mwingine ukinifikia nafungua nakala, nachagua vipimo vyote, naendesha DIMREASSOC ili kila kimoja kirudie namba kinayoipima kweli, kisha naulinganisha na ule wa asili. Namba zikipishana, nampigia mwenyewe kabla sijachora hata mstari. Kuamua upi ni sahihi si kazi yangu. (Amri hiyo hufuta pia maelezo halali mtu aliyoyaongezea kwenye kipimo, ndiyo maana nasisitiza nakala.)

Mengine nayapitia haraka. SketchUp, programu ya modeli za 3D, ikikataa kujaza nyuso ilhali mistari imefunga, pengine ncha moja imeinuka kwenye Z, yaani kwenda juu, FLATTEN inailaza. Revit ikilalamika kwamba jiometria imezidi maili 20, yaani kama kilomita 32, fanya ZOOM Extents uone kila kilichochorwa: ama mchoro uko kwenye kuratibu za upimaji, mbali na sifuri, ama kuna kinukta kimeachwa huko mbali. Kinukta kifute. Mchoro usogeze kwenye nakala, na andika umeusogeza kiasi gani. Programu nyingi hazisomi leiauti, zinasoma modeli tu, yaani sehemu ya kuchorea. EXPORTLAYOUT huigeuza leiauti kuwa mchoro wa kawaida. Na faili likikataa kabisa kufunguka, lifungue kwa Notepad usome herufi sita za mwanzo. AC1032 ni umbizo la 2018, AC1027 la 2013. Mwombe mtumaji alihifadhi kwa umbizo la nyuma.

Kitu kimoja nimekiongeza kwenye kila faili ninalotuma: mstari wa milimita 1,000 kando ya mchoro, na maneno "milimita 1,000" juu yake. Mpokeaji anaupima kabla ya kugusa chochote, na kwa kuyasoma yale maneno anajua kama fonti imefika. Simu za saa tatu usiku zimepungua, ingawa juzi mwenzangu yuleyule aliuliza huo ni ukuta wa nini, mbona hauna nyumba.