Kuhusu ISEF: hajiandikishi mwenyewe
Dada, umeuliza kama binti yako wa kidato cha tatu anaweza kujiandikisha ISEF, yale mashindano ya kimataifa ya sayansi na uhandisi ya wanafunzi wa sekondari, moja kwa moja mtandaoni. Hawezi. Kule Marekani, kila Mei, wanaingia walioteuliwa na maonyesho ya sayansi yanayotambuliwa. Kwa Kenya unaanzia shuleni, unapanda kaunti ndogo, kaunti, kanda, hadi taifa. Kule ISEF, timu isizidi watatu. Ila kinachoangusha wengi ni makaratasi: akitaka kuhoji watu, kibali kipatikane kabla hajaanza. Nilimwona kijana mmoja na madodoso 60 ya majirani, yamepangwa vizuri kwenye faili, kibali hana. Kazi bure! Na daftari la majaribio aandike tarehe kila ukurasa, hata siku miche iliponyauka.