Amri, wosia au neno?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Rafiki yangu Myahudi alikwenda kumwangalia mgonjwa, akarudi akasema amefanya "mitzvah". Kamusi inasema neno hilo maana yake ni amri. Nani alimwamuru? Na je, hizo ndizo zile Amri Kumi tulizokariri utotoni?
– Msomaji

JIBU: Marahaba. Kamusi haikukudanganya, ila imekuacha mlangoni. Mzizi wa mitzvah kwa Kiebrania ni kuamuru, na wingi wake ni mitzvot. Katika Talmudi, mkusanyo wa mafundisho ya marabi wa kale, Rabi Simlai anazihesabu 613: 248 za kutenda na 365 za kujizuia, sawa na siku za mwaka wa jua. Kumzuru mgonjwa ni wajibu unaojulikana sana kwao. Kwa hiyo mwenzako aliamriwa kweli, na aliyemwamuru ni Mungu.

Katika mazungumzo ya kila siku neno hilo limelainika, likawa "tendo jema". Mimi naona usilichukue kwa ulaini huo tu. Rabi Hanina alifundisha kwamba anayetenda kwa kuwa ameamriwa ni mkuu kuliko anayetenda bila kuamriwa. Wengi wetu tungepanga kinyume chake, tukampa sifa aliyejitolea kwa hiari! Ukilielewa fundisho hilo, hutashangaa mtu akitaja amri kwa furaha.

Sasa zile kumi. Hapa ndipo ninapopapenda. Kutoka 34:28 Biblia yetu imeandika "amri kumi", lakini Kiebrania hakisemi mitzvot pale. Kinasema devarim, yaani maneno. Wayahudi wa kale waliotafsiri kwa Kiyunani nao wakaandika logoi, maneno vilevile, na ndiko lilikotoka jina Dekalogi, jina jingine la zile kumi. Tena Wayahudi huhesabu kuwa neno la kwanza ni "Mimi ni Bwana, Mungu wako, niliyekutoa katika nchi ya Misri". Hebu niambie, hapo umeamriwa ufanye nini? Ukisema "neno la kwanza", hesabu inakaa sawa. Ukisema "amri ya kwanza", unabaki unakuna kichwa.

Wakristo wanaosema Kiarabu wao huziita al-wasaya al-ashr. Wasaya ni wingi wa wasiyya, na wewe unalijua neno hilo: ndilo wosia wetu. Kurani nayo, katika Surat Al-An'am aya ya 151 hadi 153, baada ya kutaja makatazo kama shirki na kuua, inarudia mara tatu kwamba hayo Mungu "amekuusieni". Ni mzizi uleule. Kwa Kiebrania pia, hati ya wosia huitwa tzavaa, ndugu wa damu wa mitzvah.

Sisi tulichukua amri, ambalo nalo ni la Kiarabu, na silalamiki, limeshazoeleka. Ila ukimfundisha mtoto zile kumi, mwambie pia kwamba anayeusia huwa anamjua anayemuusia.